Hakuna aliyenisomea: barua ya wazi kwa mdogo wangu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Juzi nilikurudishia faili lako la hadithi na mashairi likiwa na masahihisho 41. Ulipopiga simu hukuanza na masahihisho yenyewe. Uliniuliza, "Nani alikusomea?" Nikasema hakuna, tukaendelea na mengine. Lakini swali lile halijanitoka moyoni, na nimeona nilijibu hapa hadharani, maana hukuwa wa kwanza kuniuliza. Watu wengi wanaojitolea kutuandalia vitabu huliuliza siku ya kwanza wanapopokea kazi yao kutoka kwa msahihishaji asiyeona.

Najua kilichokushangaza. Kwamba kompyuta hunisomea maneno, hilo umelizoea tangu zamani. Ila nilijuaje kwamba jina la sura ya tatu lina ukubwa wa 15 na mengine yote 16? Nilijuaje kwamba ulianza kuandika kwa herufi za mlazo, zile zilizoinama, pale mama anapoota, ukasahau kuzifunga, mlazo ukaendelea hadi aliposhaamka na kuwasha moto?

Wewe unayaita mambo ya macho. Ndani ya faili si ya macho hata kidogo. Ukikoza neno, programu huandika humo kwamba kuanzia herufi hii mpaka ile, maandishi ni mazito. Taarifa hiyo moja hukufikia wewe kama unene wa herufi, na mimi hunifikia kama sauti. Ninatumia NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha akaungana naye James Teh. Wote wawili hawaoni, na nadhani ndiyo sababu chombo chao kinajua tunachohitaji. Nikisimama kwenye neno nikabonyeza Insert na F, hunitajia aina ya herufi, ukubwa, rangi, kama ni nzito au za mlazo, na aya imeegemea upande gani. Nikibonyeza F mara mbili, maelezo hayo hufunguka kwenye dirisha lake, nikayapitia taratibu.

Siwezi kubonyeza hivyo kwa kila neno la kitabu kizima, ningezeeka nacho. Kwa hiyo kwanza nakisoma kama msomaji yeyote, mipangilio yote ya umbo la maandishi nikiwa nimeizima, ili nijue hadithi inakwenda wapi. Halafu narudi mwanzo nikiwa fundi. Nawasha kutajwa kwa mlazo, ukozo, ukubwa wa herufi, vichwa na mipaka ya kurasa, napandisha kiwango cha alama ili kila koma na mabano visemwe, na kasi ya sauti naishusha. Kusoma huko hakuna utamu. Sentensi hukatwa kila mara: mlazo, neno, si mlazo, koma, fungua mabano. Nafasi za mwanzo wa mstari nazisikia kama mlio unaopanda kwa kila nafasi inayoongezeka, kwa hiyo aya iliyosogezwa ndani kuliko wenzake najua imepotoka kabla hata haijasema neno la kwanza. Ninapopitia neno herufi kwa herufi, herufi kubwa ninaisikia kwa sauti inayonyanyuka kidogo. Ikinyanyuka katikati ya neno, nasimama.

Sasa vichwa vya sura, kosa lililonisumbua kuliko yote. Sura zako zote 12 ulizikoza, ukaziweka katikati ya mstari, ukazikuza. Mtu anayeona akizitazama hatauliza ni nini. Mimi nilibonyeza H, herufi inayonirukisha kutoka kichwa kimoja hadi kingine, nikaambiwa hakuna kichwa kinachofuata. Kitabu kizima hakikuwa na kichwa hata kimoja! Ulikuwa umechora vichwa bila kuviweka. Kichwa huwa kichwa pale unapochagua mtindo wake kwenye orodha ya mitindo, ngazi ya 1 kwa sura, ngazi ya 2 kwa sehemu za ndani, na kuendelea. Ukifanya hivyo, msomaji wangu anayetaka sura ya tisa atafika kwa kubonyeza kitufe mara chache. Usipofanya, atapita sura nane mstari kwa mstari akiitafuta, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba ndefu akitafuta mlango. Hata vitabu vya sauti vya mfumo wa DAISY hutegemea vichwa hivyohivyo kumpeleka msikilizaji mahali anapotaka.

Zile kurasa ulizoziskani kutoka kwenye nakala ya zamani zilikuwa na shida ya aina nyingine. Kila mwisho wa ukurasa, namba na jina la kitabu viliingia katikati ya hadithi. Nilisikia: "Alipofungua mlango akamwona hamsini na saba hadithi na mashairi bibi yake amekaa." Hilo ni rahisi, mtu yeyote angelinasa. Lakini angalia hili. Mashine ya kuskani huchanganya r na n zilizokaribiana na herufi m. "Kamba" ilitoka "karnba". Wewe uliipita mara mbili, na sikulaumu, kwa macho zinafanana kama mapacha. Masikioni mwangu neno liligonga mwamba. Tena Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu, r ikifuatwa na n ni nadra sana. Nikalitafutia hilo faili zima kwa mkupuo mmoja, nikapata mengine sita.

Halafu kuna kosa lililokaribia kunipita. Neno halali lenye r na n pamoja ni "karne", na mashine ililigeuza upande wa pili, likawa "kame". Sentensi ikasomeka "mwishoni mwa kame ya 19". Kame ni neno zima, kikagua tahajia hakina neno nalo, na sauti ililitamka vizuri kabisa. Kilichoniokoa ni ile ya 19. Nilirudi nyuma, nikalipitia herufi kwa herufi: k, a, m, e. Nakueleza hili ili usidhani masikio hayadanganywi. Yanadanganywa, ila kwa hila tofauti na macho, na ndiyo maana kitabu kinahitaji wote wawili. Nafasi mbili kati ya maneno, kwa mfano, sauti huipita bila kusema. Hiyo naikuta kwa kidole kwenye kifaa changu cha nukta nundu, au kwa kuitafuta kwa kompyuta.

Nifike kwenye shairi la ukurasa wa 63, nililokuwa na hamu nalo tangu uliponiambia umelipata. Nilianza kulisikiliza nikakunja uso. Mshororo wa kwanza uliishia kwa kina cha kati, wa pili vilevile, wa tatu, wa nne. Mizani nane, mizani nane, kina kilekile mara nne, na maana haishikiki, kila wazo limekatwa kabla halijamaliza. Kisha zikaja tena nusu nne, sasa zote zikiwa na kina cha mwisho. Nikaelewa ulichofanya. Uliweka safu mbili, ukwapi wote, yaani nusu ya kwanza ya kila mshororo, kushoto na utao wote, nusu ya pili, kulia, ili shairi lipendeze kwenye ukurasa. Lilipendeza, bila shaka. Lakini kisoma skrini kinamaliza safu ya kushoto kabla ya kuanza ya kulia, na ubeti ukasomwa kama mtu aliyepasua kitambaa katikati akakupa kipande kimoja kwanza. Vina ndivyo vilivyonieleza kosa lako. Ingekuwa habari ya kawaida ningechelewa kuligundua, lakini mtunzi alikwisha kuweka alama zake kwa sauti zamani, kabla ya safu zako na kabla ya kompyuta.

Yapo nisiyoyaweza, na sitayaficha. Ukurasa wa 70 ulibandika picha ya maandishi, na kwangu palikuwa na neno moja tu, "picha". Wala siwezi kukuambia kama mchoro wa jalada umefunika jina la mtunzi. Kwa hayo nina mwenzangu anayeona katika kikundi chetu. Yeye hunitumia anayoyatilia shaka nami humtumia yangu, tunasaidiana sawa kwa sawa. Hazina ya vitabu ya Bookshare, iliyoanza Marekani mwaka 2002, ilikua kwa njia kama hii, watu wakiskani vitabu na wengine wakivisahihisha, na miongoni mwa wasahihishaji hao wamo wasioona. Na baada ya Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2016, nchi zilizojiunga nao huruhusu vitabu kutengenezwa kwa namna tunayoweza kuisoma na kuvushwa mipaka bila kumwomba kibali kila mwenye hakimiliki. Mlango wa sheria umefunguka. Kazi iliyobaki ni hii ya mikono, ya karne na kame.

Uliniumiza kidogo uliposema "nani alikusomea", nakiri. Lakini uliuliza kwa upendo, tena uliuliza badala ya kunyamaza. Wengine hukaa kimya, kisha faili zao wakampelekea mtu mwingine.

Naomba mambo matatu kabla hujanirudishia. Sura zote 12 zipe mtindo wa kichwa ngazi ya 1, ukubwa utajirekebisha wenyewe. Ukurasa wa 70 uchape upya, usiskani, ile karatasi imefifia mno. Na lile shairi liondoe kwenye safu, uandike kila mshororo kwenye mstari wake, ukwapi, koma, utao. Usilihariri neno hata moja. Likifika nitazima mipangilio yote, mlazo na ukozo na kila kitu, nilisikilize moja kwa moja mpaka mwisho, kwa kuwa mpaka leo sijajua ubeti wa pili unasema nini.

Dada yako