Shoga, hiyo arubuni usitume kwanza

Asalam alaykum shoga yangu, za Maskati? Huku wazima alhamdulillah, kaskazi imekaza na joto halisemeki, mama anakusalimu sana na Bi Mkubwa kauliza lini unakuja. Salamu nyengine ntakupa kwa voisi, leo nimekuja na hiyo nyumba unayotaka kununua.

Ile linki ulonitumia usiku nimeifungua nikazitazama picha moja moja, na nakuomba sana hizo pesa za arubuni unazotaka kutuma Ijumaa zizuie. Sisemi nyumba mbaya. Hebu fungua picha ya jiko uikuze, chini pale penye mlango wa uani. Unaona mstari wa udongo ukutani? Umekwenda sawasawa mpaka nyuma ya friji, na juu yake rangi mpya. Halafu tazama soketi, zote ziko usawa wa kifua, hata ya friji. Nyumba hiyo ishaingia maji shoga. Tangazo linasema Fuoni karibu na barabara, nikamwandikia dalali anitumie lokesheni, inaangukia bondeni huku upande wa Mwanakwerekwe, na weye masika ya Mwanakwerekwe unayajua, tulikuwa tunavua viatu tukenda skuli.

Na "sebule kubwa" usiiamini kwa macho, simu za siku hizi zinapanua chumba. Hesabu vigae. Vile vikubwa kwa kawaida ni sentimita 60 kwa 60, na pale upana nimehesabu saba, yaani mita 4 na kidogo tu, makochi yako yale yataingia wapi? Kiwanja nacho kaandika robo eka. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000, Google Earth ina rula, bandika lokesheni upime mwenyewe ukutani kwa ukutani, na ukirudisha picha za miaka ya nyuma utaona pale palikuwa nini kabla hapajajengwa.

Kutafuta kwenyewe naona unaandika "nyumba inauzwa Zanzibar", ndo maana unaletewa mavila ya dola ya Nungwi na Paje. Andika mtaa mmoja mmoja na kila mmoja kwa kila namna, Kiembesamaki, Kiembe Samaki, K/Samaki, madalali kila mtu anaandika lake. Mombasa yetu ukiiandika peke yake utapewa Kenya nzima, tia na Unguja. Tafuta pia "nyumba haijamaliza", huko watu wengi hawapiti. Panga mapya yaje juu. Ukiipenda nyumba chukua picha yake uipitishe Google Lens, maana nyumba moja wanaiweka madalali chungu nzima, kila mmoja na bei yake na cha juu chake, na hapo ndo utajua bei ya kweli iko wapi. Picha ikikutokea na Dar au nchi nyengine huyo mfute kabisa.

Mambo ya karatasi ndo yananikosesha usingizi zaidi. Akikwambia "sheha anajua" haitoshi, sheha ni shahidi tu, hati inaulizwa Kamisheni ya Ardhi. Kama ni ardhi ya eka tatu, zile zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, achana nayo, watu walipewa walime si wakate viwanja wauze. Na hii yako wameandika "nyumba ya familia", neno hilo shoga lina watu ndani yake. Warithi wangapi? Wote wamekubali? Mirathi ishagawiwa au kaka mkubwa kaamua peke yake na dada zake wako Pemba hawana habari? Zikishaliwa hizo pesa utamfata nani na uko Oman?

Halafu bado nakurudia ule ukuta. Huyo dalali nimemuuliza mstari wa nini, kasema vumbi. Vumbi haliendi sawa hivo chumba kizima. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha ntakwenda na fundi wetu wa Bububu nikupigie video kuanzia barabarani, na majirani ntawauliza, majirani hawafichi. Dalali akisema kuna mnunuzi mwengine anakuja kesho, na amuuzie.

Sasa nambie, bei alokutajia weye ngapi, maana miye kanipa nyengine? Umeshamtumia chochote, hata ile ya "kuoneshwa"? Hati itaandikwa jina lako au la mumeo, na yeye tangazo kaliona? Lazima iwe karibu na mjini, au hata Tunguu utakaa? Na mdogo wako wa Wete anaweza kuvuka akae siku mbili tatu tuzungukie naye? Nijibu kabla ya Ijumaa tafadhali, hata usiku wa manane nipigie.

Shoga yako wa Jang'ombe