Kabla ya kumlipa mwalimu wa SAT, mpimeni kwanza mtoto

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu kuhusu jambo ambalo zamani lilikuwa la familia chache za Nyali na Kizingo, mitaa ya wenye uwezo hapa Mombasa, lakini siku hizi linaulizwa hata Kisauni na Changamwe: atapatikana wapi mwalimu wa tuisheni wa kumwandaa kijana kwa mtihani wa SAT, ule ambao vyuo vikuu vya Marekani huutumia kupima iwapo mwombaji yuko tayari kwa masomo ya chuo. Nilifundisha Hisabati katika shule za upili hadi nilipostaafu, na tangu hapo vijana waliomaliza kidato cha nne wamekuwa wakinijia na maswali ya mtihani huo, mara nyingine wakiandamana na mzazi ambaye tayari ametuma pesa kwa M-Pesa kwa mtu asiyewahi kumwona mtoto akifanya hata swali moja.

Rai yangu ni kwamba mwalimu atafutwe baada ya kijana kufanya mtihani mzima wa majaribio, wala si kabla, na atafutwe kwa sababu ya makosa yaliyojitokeza humo. Wengi wetu hufanya kinyume. Tunaliona tangazo kwenye WhatsApp, lina bendera ya Marekani na kijana aliyevaa joho, tunalipa, kisha ndipo tunapoanza kujiuliza mtoto anafundishwa nini.

Hata kabla ya majaribio hayo, mzazi ahakikishe kwamba mtihani wenyewe unatakiwa. Janga la Korona lilipoingia mwaka 2020, vyuo vingi vya Marekani viliacha kuudai, na vingi kati ya hivyo havijaurudisha. Chuo Kikuu cha California, pamoja na kampasi zake zote, hakitazami kabisa alama hizo kinapochagua wanafunzi. Kwa upande mwingine, MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, ilirudisha sharti hilo mwaka 2022, na mwaka 2024 Harvard, Yale, Dartmouth na Brown zikatangaza kurudisha alama za mitihani, kila kimoja kwa utaratibu wake. Kijana aandike orodha ya vyuo anavyovitaka na asome masharti ya kila kimoja kwenye tovuti ya chuo chenyewe, si kwenye tangazo la mwalimu wa tuisheni, ambaye kwa vyovyote vile hatamwambia mteja kwamba hahitaji huduma yake. Ada ya mtihani kwa aliye nje ya Marekani inazidi dola 100, na msamaha wa ada wanaopewa wanafunzi wasiojiweza ni wa walioko Marekani na wa raia wa nchi hiyo wanaoishi ng'ambo. Mtoto wetu atalipa yote.

Mtihani wa majaribio, kwa bahati nzuri, ni wa bure. Shirika la College Board, ambalo ndilo lenye SAT, limeweka mitihani kamili ya mazoezi ndani ya programu ya Bluebook, ile ile ambayo mtahiniwa ataitumia siku ya mtihani wenyewe, na tangu mwaka 2015 Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, imekuwa ikitoa masomo na mazoezi ya SAT bila malipo kwa ushirikiano na shirika hilo. Kinachohitajika ni kipakatalishi au kishikwambi, kwa kuwa simu haikubaliki, pamoja na mtandao na asubuhi moja isiyo na bughudha. Mtihani ni wa saa 2 na dakika 14, na katikati yake kuna mapumziko ya dakika 10: maswali 54 ya kusoma na kuandika Kiingereza, kisha 44 ya Hisabati, na alama za jumla ni kuanzia 400 hadi 1600. Nasisitiza kwamba ufanywe kwa mkao mmoja. Kijana anayefanya maswali machache leo na machache kesho, redio ikiwa wazi na mdogo wake akimwita aje kula, anaweza kupata majibu mengi sahihi na bado asijue kwamba dakika zitamwishia.

Sasa nieleze makosa yenyewe, maana hapo ndipo pesa za wazazi zinapopotea. Nimeketi na vijana waliopata A ya Hisabati katika KCSE, mtihani wetu wa kumaliza kidato cha nne, wakajikwaa mahali ambapo hawakutarajia. Tuchukue swali la aina hii, ambalo nimelitunga mwenyewe kwa mfano wa yale ya SAT: nauli ya tuktuk, kwa shilingi, ni n = 40k + 100, ambapo k ni idadi ya kilomita; je, 40 ina maana gani katika mlinganyo huu? Kijana wetu hushika kalamu mara moja na kuanza kuitafuta thamani ya k, kwa kuwa kwa miaka minne amezoezwa kwamba mlinganyo ukiuona ni wa kutatuliwa. Swali halikuitaka k. Lilimtaka aseme kwamba kila kilomita moja huongeza shilingi 40 kwenye nauli, na majibu mengine aliyowekewa hapo yamepangwa kumnasa aliyesoma kwa pupa: nauli ya kuanzia, nauli yote, umbali wa safari. Mwenye kosa hilo hana upungufu wa Hisabati hata kidogo, na kumlipia masomo ya aljebra ni kumfundisha anachokijua. Anahitaji mtu wa kumzuia kuandika chochote kabla hajalisema swali kwa maneno yake.

Lipo pia suala la mazoea ya mitihani yetu. KCSE humpa mwanafunzi alama za njia hata anapokosea jibu la mwisho, na sisi walimu tumewafunza watoto kuandika kila hatua ili wasizikose. SAT haioni njia; huona jibu tu. Kikokotoo kinaruhusiwa katika Hisabati yote, na kingine chenye uwezo wa kuchora grafu kimo ndani ya programu yenyewe, ila nawaona vijana wakitatua kwa mkono, hatua baada ya hatua, kitu ambacho grafu ingewaonyesha kwa nusu dakika. Isitoshe, wapo wanaoacha maswali bila jibu kwa hofu ya kukatwa alama, ilhali adhabu hiyo iliondolewa mwaka 2016.

Upande wa Kiingereza, vifungu ni vifupi, kuanzia maneno 25 hadi 150, na kila kifungu kina swali moja. Wanafunzi wetu huelewa habari iliyomo bila taabu nyingi. Kinachowaangusha ni alama za uandishi: wapi pa kuweka koma, wapi pa kuweka nukta-mkato, na kwa nini sentensi mbili kamili haziwezi kuunganishwa kwa koma peke yake. Mtoto anayepoteza alama hapo hahitaji mtaalamu wa SAT kutoka Nairobi. Mwalimu mzuri wa Kiingereza wa shule ya jirani, akikubali kwanza kuyapitia maswali ya Bluebook yeye mwenyewe, anamtosha. Na yule ambaye majibu yake ni sahihi ila hakufika mwisho hahitaji mwalimu kwa sasa. Anahitaji saa ya mezani na mitihani mingine miwili mitatu ya mazoezi.

Mzazi akisharidhika kwamba mwalimu anatakiwa, ampe karatasi yenye maswali aliyoyakosa mtoto na kumwuliza ataanzia wapi. Jibu lake litasema mengi. Akisema ana mpango wake ambao kila mwanafunzi huufuata tangu ukurasa wa kwanza, mzazi amshukuru na aende zake. Amwulize pia mtihani wa sasa unavyofanya kazi. Tangu Machi 2023 SAT kwa watahiniwa walio nje ya Marekani hufanywa kwa tarakilishi, na kila somo limegawanywa mara mbili, hivi kwamba ugumu wa kipande cha pili unategemea jinsi mtahiniwa alivyofanya kile cha kwanza. Mwalimu asiyelijua hilo bado anafundisha kutoka vitabu vya mtihani wa karatasi, uliokuwa wa takriban saa tatu, wenye vifungu virefu vya kusoma na sehemu ya Hisabati isiyoruhusu kikokotoo. Vitabu hivyo bado vinauzwa kwa wingi, vingine vikiwa vimetolewa nakala, na bei yake si ndogo.

Anayeahidi alama, aepukwe. Nimeona tangazo linalosema mwanafunzi ataongezewa alama 300 au mzazi atarudishiwa pesa zake. Mwaka 2009 mtafiti Derek Briggs, katika taarifa aliyoiandikia chama cha washauri wa udahili wa vyuo nchini Marekani, alipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu kozi za maandalizi akaona kwamba kwa wastani ziliongeza alama zipatazo 30 tu katika jumla ya 1600. Mtihani umebadilika tangu wakati huo, na wastani hauzuii kijana mmoja kupanda sana, hasa aliyeanza bila kuujua muundo wake. Lakini ahadi ya 300 kwa kila anayelipa ni biashara tu. Na anayenong'ona kwamba ana maswali yaliyovuja ni mtu wa kukatiwa simu, kwani kila mtahiniwa hupewa mchanganyiko wake wa maswali, na College Board hufuta alama inazozitilia shaka.

Kuhusu wakati, tarehe za SAT za Oktoba na Novemba huangukia KCSE inapokaribia au inapoendelea, na sioni sababu ya kumbebesha mtoto mitihani miwili kwa pamoja. Mwenye busara humaliza KCSE, akapumzika, akajiandaa kwa tarehe za Machi, Mei au Juni, na akabakiwa na Agosti na Oktoba za kurudia ikibidi, kwa sababu vyuo vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari. Maandalizi ya kweli ni ya miezi michache, na mwalimu haitajiki kila siku katika miezi hiyo. Mara moja kwa wiki, kwa ajili ya kupitia makosa, inatosha kwa vijana wengi.

Gharama pia hupungua vijana wanapokusanyika. Mpango wa KenSAP, ulioanzishwa Iten mwaka 2004 na John Manners pamoja na Mike Boit, yule mwanariadha aliyetuletea medali ya shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972, uliwachukua wanafunzi waliofanya vyema katika KCSE, wengi wao wa familia zisizo na uwezo, ukawaandaa kwa pamoja kwa SAT na kwa maombi ya vyuo. Waliokwenda Marekani kupitia mpango huo hawakuhitaji kila mmoja mwalimu wake wa nyumbani.

Hapa Pwani tunaweza kuanza kwa kidogo zaidi. Namwomba anayehusika na maktaba ya umma hapa Mombasa atenge tarakilishi chache kila Jumamosi asubuhi, kuanzia Januari hadi Juni, ziwekwe Bluebook, na vijana waliomaliza kidato cha nne waruhusiwe kufanya mtihani wa majaribio hapo wakiwa kimya na kwa saa. Najua kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, lakini vijana ninaowasemea wameshamaliza shule, na hakuna atakayetozwa chochote. Walimu wastaafu wa Hisabati na Kiingereza hatukosekani mjini humu. Mimi niko tayari kuja kila Jumamosi kupitia makosa yao, na ninawajua wenzangu ambao wakiombwa hawatakataa.

Mwalimu mstaafu wa Hisabati,
Mombasa