Siti nne si watu wanne: tunavyopanga likizo ya ndege ndogo kutoka Kisumu

Mzee mmoja aliingia ofisini kwetu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa mwalimu wa jiografia, amestaafu, na yeye na mkewe walikuwa wametimiza miaka arobaini ya ndoa. Watoto walikuwa wamechanga. Kwenye karatasi alikuwa amechora ramani kwa mkono, na nisimpunje, ilikuwa ramani safi: Kisumu, kisiwa cha Mfangano, Maasai Mara, Naivasha, Bogoria, Lodwar, kisha Kisumu tena. Siku nne. Wasafiri wanne: yeye, mama, binti yao na mkwe.

"Kijana, nimeipima kwa rula," akaniambia. "Haifiki kilomita 1,300. Ndege si inakimbia?"

"Inakimbia, Mwalimu. Lakini asubuhi tu."

Mazungumzo yetu na wateja huanzia hapo karibu kila mara, ndiyo maana nimeamua kuyaandika. Sisi hatuna ndege. Kazi yetu ni kupanga safari na kukodi ndege kutoka kwa kampuni yenye kibali, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, ukitaka ukweli, ni kufuta. Mteja huja na vituo sita, akaondoka na viwili. Wengine hununa kidogo.

Tuanze na hiyo asubuhi. Aliyeishi Kisumu hahitaji kufundishwa; somo hili amelipata akikimbia kuanua nguo kambani. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na hewa ya ziwani huanza kuvuma kuelekea bara. Hupita juu ya mashamba ya mpunga ya Ahero na miwa ya Chemelil, ikafika kwenye ukuta wa milima ya Nandi na vilima vya Kericho. Pale hukutana na upepo wa kutoka mashariki, na haina tena pa kwenda ila juu. Kufikia saa nane mchana mawingu yamesimama kama minara, na saa kumi radi inaunguruma. Wakulima wa chai wa Kericho wanaijua mvua ya mawe ya jioni kwa hasara wanayoihesabu majanini. Ndege ya injini moja haiingii katika wingu la namna hiyo, haipiti chini yake, wala haishindani nalo mbio.

Asubuhi nayo ina kisirani chake. Timboroa na sehemu za Mau huamka zimejifunika ukungu, na rubani anayeruka kwa kutazama nje kwa macho yake hawezi kupita mpaka ufunguke. Kwa hiyo muda wetu wa kazi ni mfupi: tuseme kuanzia saa moja na nusu hadi saa tano. Ukikosa hapo, umelala.

Joto nalo lina hesabu zake. Uwanja wa Eldoret uko futi 6,941 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye nyuzi 25 hewa ya pale huwa nyepesi kiasi kwamba ndege hujiona kama iko karibu futi 9,800. Injini inapumua kwa shida, mabawa hayapati cha kushikilia, na umbali wa kukimbia chini kabla ya kupaa unaongezeka. Ndege ile ile, mizigo ile ile, saa moja na nusu asubuhi ingepaa kwa raha. Viwanja vidogo vya huku kwetu havina lami ya kilomita tatu kama Eldoret, na mwisho wa uwanja mara nyingi ni shamba la mtu.

Ndiyo maana kanuni yetu ni mruko mmoja kwa siku, asubuhi, usiozidi saa mbili. Halafu kwa kila siku tatu za safari tunaweka siku moja tupu, isiyo na jina. Mwalimu aliitazama ile siku tupu kama mtu aliyeuziwa gunia lenye tundu. "Hii tunalipia nini?" akauliza. Nikamwambia ni ya mvua. Mvua isiponyesha, ni yake.

Kisumu, kwa kweli, iliwahi kuujua mwendo huu. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial ya Uingereza ilianza kupitisha hapa ndege zake za kutua majini kutoka Khartoum, na abiria waliotoka London walikuwa wakilala njiani usiku baada ya usiku. Hakuna aliyeliita jambo hilo kuchelewa.

Sasa uzito. Mkwe wa Mwalimu alikuwa ameona mtandaoni kwamba Cessna 172 ina siti nne, akahesabu familia, akaridhika. Kwanza, siti moja ni ya rubani. Pili, chukua 172 ambayo uzito wake wote wa kupaa hautakiwi kuzidi kilo 1,111. Yenyewe ikiwa tupu ni kama kilo 760. Zinabaki 350. Toa rubani, kilo 80, zinabaki 270. Mafuta: inakunywa kama lita 35 kwa saa, na lita moja ya avgas, yaani petroli ya ndege ndogo, ina uzito wa kilo 0.72. Ukitaka saa mbili hewani na akiba ya dakika 45, hizo ni karibu kilo 70. Zimebaki 200 za watu na mabegi yao. Hao ni watu wazima wawili na nguo zao. Ukijaza tangi hadi juu, hata hao wawili ni kazi.

Familia ya watu wazima wanne, kwa hiyo, tunaikodia Cessna 206, ya siti sita, inayoruhusiwa kupaa na kilo 1,633. Hata hiyo haitaki utani. Mabegi yawe laini, kilo 15 kwa kila mtu. Sanduku la magurudumu liache nyumbani, kwa sababu halikunjiki, na mlango wa mizigo haukutengenezwa kwa ajili yake.

Mizani yetu iko nyuma ya mlango, na ndiko wageni wanakotuchukia. Tunawapima na viatu miguuni na simu mfukoni, na tafadhali msitutajie kilo za mwaka juzi. Mkwe alisita kabisa kupanda mbele ya mama mkwe wake. Tukamwambia mama akanywe chai upande wa pili. Ikaja kilo 96. Namba hiyo ilitatua jambo lingine ambalo hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulitaja. Kwa mila za kwetu mkwe na mama mkwe hawabanani bega kwa bega, na ndani ya 206 hakuna pa kukimbilia. Lakini rubani hapangi watu kwa umri, anapanga kwa mizani, ili ndege isielemee mkia. Mzito akakaa mbele kando ya rubani, mama akakaa nyuma karibu na dirisha, na heshima ikalindwa na fizikia.

Gharama nizieleze wazi, maana hapa ndipo watu huhisi wameibiwa. Ndege inakodishwa kwa saa za injini, si kwa kichwa cha abiria. Kama inatoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kuja kukuchukua Kisumu, zile kilomita 265 au zaidi inazokuja tupu ni zako, na kurudi kwake tupu ni kwako pia. Ukitaka ilale nawe, kampuni nyingi hutoza saa za chini kwa kila siku hata kama haijaruka, na rubani anahitaji kitanda na chakula kama wewe. Ongeza ada za kutua na za hifadhi. Ukiletewa bei isiyotaja hata kimoja kati ya hivi, ulize kimejificha wapi.

Ulize pia cheti kinachoitwa AOC, ambacho Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya huipa kampuni inayobeba abiria kwa malipo. Kuna marafiki wenye ndege watakaokwambia "changia mafuta tu". Leseni ya rubani wa binafsi haimruhusu kukubeba kwa malipo, na siku ya ajali bima inaweza kukugeuzia mgongo. Hili sisi hatulibishanii na mteja. Tunamwachia mlango wazi.

Mafuta yenyewe ni suala. Ndege kubwa zinatumia Jet A-1, ndogo zenye injini za pistoni zinatumia avgas, na avgas haipatikani kila uwanja. Wilson ndiko nyumbani kwake. Ndiyo maana njia nyingine zinazoonekana za mkato kwenye ramani ya Mwalimu zingetulazimisha kurudi nyuma kunywa mafuta. Lodwar ni zaidi ya kilomita 360 kutoka hapa, karibu saa mbili kwenda tu. Turkana ni likizo yake peke yake, na Bogoria na Baringo zinafaa kuungana nayo: ukitoka Kisumu unavuka Nandi, ardhi ya Iten inakatika ghafla na Bonde la Kerio linafunguka zaidi ya mita 1,000 chini yako. Hiyo tulimwambia aiweke ya mwakani.

Zikabaki Mara na Mfangano, siku saba. Tulianza na Mara kwa makusudi. Kutoka Kisumu ni kama dakika 45, juu ya vilima vya Kisii vilivyogawanywa mashamba madogo madogo kama kanga za duka zima, kisha ukingo wa Oloololo, na baada ya hapo nyasi tupu. Ndege ikarudi Wilson siku hiyo hiyo, maana si mbali, ikaja kuwachukua siku ya nne ikiwa imejaa mafuta. Kutoka Mara kwenda ziwani njia inaweza kupindishwa kidogo ipite Thimlich Ohinga, kule Migori, boma la kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, ambalo UNESCO ililiorodhesha mwaka 2018. Ukiwa chini unaona ukuta. Ukiwa juu unaona duara ndani ya duara, na ndipo unaelewa waliojenga walikuwa wanafikiria nini. Mwalimu alimwomba rubani azunguke mara mbili. Kisha mbuga ya Ruma, makao ya swala aina ya korongo wa mwisho nchini, halafu maji.

Juu ya maji wote huvaa majaketi ya kuokolea, hata kama joto linakera. Na msishangae rubani akifuata ufuo badala ya kukata katikati. Ndege ndogo ikizimika injini haidondoki kama jiwe; 172 ikiwa mita 1,000 juu ya maji inaweza kuteleza kama kilomita 9 pasipo upepo. Rubani mzuri anabeba hesabu hiyo kichwani muda wote na hapendi nchi kavu iwe mbali kuliko hapo.

Viwanja vya visiwani vina adabu zake. Mara nyingi rubani hupita chini mara moja bila kutua, kuwatoa mbuzi. Na kabla hajaondoka alikotoka, lazima mtu awe amekagua ardhi. Hapa nina deni la kukiri. Zamani tulipiga simu kwenye kiwanja fulani cha udongo mweusi, tukajibiwa "ni sawa tu", tukaridhika. Ndege ilifika, rubani akazunguka, akaona maji yanameta kwenye alama za magurudumu ya trekta, akarudi alikotoka. Wateja walikuwa wamelipia saa za injini za kwenda kutazama matope. Tuliwarudishia nusu na nusu hiyo bado inaniuma. Siku hizi hatuombi maneno. Tunamwomba mlinzi akanyage kwa kisigino, kwa nguvu, mahali patatu, apige picha alama zile na kutuma. Kisigino kikizama kupita soli, hatuendi.

Mfangano mvua ilinyesha siku ile tupu. Ilianza usiku na haikukoma hadi saa nane. Familia ilikuwa imekwisha kupanda Mawanga siku iliyotangulia kuona michoro ya miamba, yale maduara mekundu na meupe, kwa hiyo walikaa ufukweni chini ya mabati pamoja na wavuvi wakingoja. Mwalimu alipiga simu kuniambia amejifunza zaidi kuhusu upepo kwa mvuvi mmoja kuliko kwa miaka yote aliyosomesha. Mama yeye alikuwa kimya upande wake. Tulijua baadaye kwamba alikuwa ananunua.

Asubuhi ya kurudi rubani alikuta pembeni ya ndege gunia la omena, limeshonwa vizuri, kilo 40. Alikuwa na nafasi ya kilo 30 na kidogo, na uwanja ulikuwa bado na unyevu. Akaonyesha karatasi yake ya hesabu. Mama akaisoma mstari kwa mstari, akamtazama mkwe wake kuanzia kichwani hadi miguuni, akanyamaza. Mkwe akajitolea, kwa haraka sana, kurudi kwa boti pamoja na gunia: Mbita, feri hadi Luanda Kotieno, kisha matatu.

Alifika Kisumu usiku. Gunia aliliacha ofisini kwetu, na ofisi ilinuka hadi Ijumaa.