YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAZI YA KUPOGOA MITI KANDO YA HIFADHI, NA LUGHA NILIYOTOLEWA NA MSIMAMIZI WENU

Mkurugenzi Mtendaji,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika nikiwa na adabu zangu zote, ingawa leo ni mara ya tatu naichana barua hii na kuianza upya. Masharti ya kazi yenu mnayajua kuliko mimi; ninyi ndio mlioyachapisha nyuma ya mkataba kwa herufi za kutafutia miwani. Sitayarudia. Nitakumbusha tu kwamba sharti linalosema mti wenye kiota kinachotumika hauguswi mpaka makinda yatoke ni la kwenu, sikuwaandikia mimi. Sasa nieleze ya Jumanne.

Jumanne asubuhi nilitolewa ndani na mlio wa chensoo. Nikakuta kijana wenu ananing'inia kwenye kamba, ameshafika kwenye tawi la upande wa mto la ule mkuyu, lile lenye tundu. Tawi hilo halikuwa kwenye kazi. Nikaingia ndani nikachukua hati ya kazi, nikamfuata msimamizi wenu chini ya mti, nikamwonyesha kwa kidole mstari ulioandikwa na mkaguzi wenu mwenyewe: tawi lenye tundu lisiguswe. Akaichukua ile karatasi. Hakuisoma. Akaniambia, "Mama, nenda kakae kivulini, hapa kuna wataalamu." Kisha akampungia mkono aliye juu, na tawi likakatwa.

Ndani ya lile tundu mlikuwa na hondohondo.

Hondohondo jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, akajizibia mlango kwa udongo na kinyesi mpaka ubaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo tu. Akiwa humo hupukutisha manyoya ya mbawa, kwa hiyo hata ukimvunjia mlango hawezi kuruka. Dume ndiye anayemlisha kupitia ule ufa, siku nenda siku rudi, mpaka makinda yakue. Haya mtu anayelipwa kukata miti kando ya hifadhi anatakiwa ayajue kabla ya kushika kamba.

Na mkaguzi wenu aliyajua. Nampa haki yake. Alikuja wiki tatu kabla, akakaa kwenye kigogo karibu saa nzima akihesabu safari za yule dume na matunda ya mkuyu mdomoni. Alinionyesha udongo uliozibwa ulivyo na rangi tofauti na gome. Aliandika kwamba yapunguzwe matawi yanayolemea upande wa paa peke yake, jumla yasizidi robo ya majani ya mti, na kwamba gari lisikanyage ardhi ya chini ya mti kwa sababu mizizi midogo inayonyonya maji iko juu juu na imetapakaa hadi nje ya kivuli chake. Mtu akija na maneno kama hayo unamwamini. Nililipa malipo ya awali siku ile ile. Sasa najiuliza karatasi zake huwa zinasomwa na nani, au zinawekwa kwenye lori za kukalia.

Maana lori liliegeshwa wapi? Chini ya mti. Siku mbili. Udongo pale sasa ni mgumu kama sakafu, na alama za matairi zimejaa maji yasiyozama.

Jumatatu sikuwepo, nilirudi usiku, ndiyo maana sikuona mapema. Siku hiyo walikata kilele chote. Mlichokiita "kupunguza" kwenye ripoti ni kuukata mti kichwa: magutu tisa yameelekea juu, kila moja nene kuliko paja, hakuna jani. Mti ukifanyiwa hivyo hutoa machipukizi mengi kwa pupa, yaliyoshikilia nje nje tu, na miaka michache baadaye hayo ndiyo yanayokatika na upepo. Niliwaita niondoe hatari juu ya paa. Mmenipandia nyingine.

Kuna na hili la miiba. Yule aliyepanda Jumatatu alipanda na viatu vya miiba ya chuma. Viatu hivyo ni vya mti unaokwenda kuangushwa. Mti unaobaki hai hupandwa kwa kamba. Nimehesabu matundu 63 kwenye shina, kila moja limetoa utomvu mweupe uliokauka kama mchirizi wa mshumaa. Na pale walipokata tawi la upande wa jikoni hawakutangulia kukata kwa chini, kwa hiyo tawi lilipoelemewa lilivuta gome likachanika kushuka hadi usawa wa bega langu. Mengine wameyakata sambamba na shina kabisa, wakaondoa kile kivimbe cha mviringo ambacho tawi limeota juu yake, ambacho ndicho kinachofunga kidonda. Kisha wakapaka rangi nyeusi juu, ili mteja aone kazi imependeza.

Nimelazimika kusoma mambo haya usiku wiki hii kwa sababu ninyi hamkuyasoma mchana. Mwaka 1977 Alex Shigo, aliyekuwa akichunguza miti katika Idara ya Misitu ya Marekani, alichapisha maelezo ya namna mti unavyojilinda, baada ya kupasua magogo mengi kwa chensoo hiyo hiyo mnayoitumia na kuangalia ndani. Mti hauponyi kidonda kama ngozi yetu. Hukizungushia ukuta, ukaendelea kukua kwa nje. Mkikata kivimbe mmekata mahali pa kujengea ukuta, na rangi haizuii kuoza. Hiyo ni elimu ya karibu miaka 50. Gari lenu limeandikwa ubavuni kwamba ninyi ni mabingwa.

Nilipiga simu ofisini Jumanne hiyo hiyo, mikono bado ina udongo. Dada wa huduma kwa wateja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Huyo ndege alikuwa wa kufugwa?" Nikasema hapana. Akasema kama si wa kufugwa basi hana mmiliki, na kama hana mmiliki hakuna fidia ya kuombwa, labda niseme kuna mali iliyoharibika. Simlaumu sana, alikuwa anasoma mahali. Ningependa kujua nani aliyeandika anachokisoma.

Turudi chini ya mti, kwa sababu nimeandika kwa kifupi mno.

Nilisema msimamizi wenu aliichukua karatasi na hakuisoma. Sikusema aliifanyia nini. Alikuwa na chensoo nyingine miguuni, bapa lake limelowa mafuta meusi ya mnyororo. Aliikunja ile hati mara mbili, akainama, akafutia bapa. Kuanzia ncha hadi kwenye mashine, taratibu, akageuza upande wa pili akafuta tena. Halafu akanirudishia. Alinirudishia kwa mikono miwili, Ndugu Mkurugenzi, kwa heshima zote, kama anayempa mkubwa wake kitu. Hapo ndipo wale wawili waliokuwa wanafunga kamba walipocheka. Ndipo akasema niende nikakae kivulini. Niligeuka kweli kutafuta kivuli, mtu ukiambiwa unageuka. Hapakuwa na kivuli. Alikuwa amekiangusha Jumatatu. Palikuwa na jua tupu kutoka shinani hadi ukutani, na mimi nimesimama katikati yake na karatasi ya mafuta, na yeye ananitazama aone nitakwenda wapi.

Nilianza kusema, "Kijana, humo ndani kuna..." Akaivuta kamba ya mashine iliyo miguuni. Hakuwa na kitu cha kukata. Aliiwasha ili nisisikike.

Tawi lilipopiga chini, ule udongo wa mlangoni ulipasuka vipande kama kigae. Jike alikuwa hai. Mbawa zake zilikuwa zimebaki vishina vya manyoya mapya, vimetoka kidogo tu, vya kijivu. Alijaribu kuzikunjua. Nilimfunika kwa mtandio nikampeleka ndani, na makinda mawili yasiyofungua macho, na hakuna aliyefika jioni. Msimamizi alipopita dirishani alisema, "Pole mama, lakini ni ndege tu."

Yule kijana aliyekuwa juu alishuka, akavua kofia ngumu, akaniomba radhi bila kutumwa. Alikuwa anafuata mkono wa mkubwa wake. Sitaki aguswe. Mkimfanya yeye ndiye mkosaji kwa ajili ya barua hii nitajua, na nitaandika nyingine.

Nikiwa ndani na yule ndege ndipo walipokwenda mtoni. Hili sikuwaita. Kiwanja changu kinaishia kwenye nguzo fupi, na kuanzia nguzo hizo hadi mlango wa mto ni hifadhi. Mnajua, kwa sababu ramani iko kwenye kibali chenu cha kuingia. Maji yalikuwa yamekupwa. Walikokota magogo ya mkuyu kwenye tope hadi kwenye mkondo na kuyaacha huko ili maji yakijaa yayachukue, nadhani kuokoa safari ya lori. Njiani walilaza eneo zima la mizizi ya kupumulia ya miti ya mchu, ile inayosimama kama penseli kwenye tope, nayo ikifukiwa au kuvunjwa mti wenyewe hukosa hewa. Na walipoona mikoko imewazibia njia, waliikata. Mitatu, juu ya mizizi yake ya matao. Mchu ukiukata unaweza kuchipua. Mkoko mkubwa ukikatwa matawi yake haurudi. Hiyo mitatu imekufa ingawa majani bado ya kijani.

Magogo hayakuchukuliwa na maji. Yamekwama kwenye kona, na mkondo sasa umegeuzwa unapiga ukingo wa upande wangu, ule ule ulioshikiliwa na mizizi ya mkuyu mliokwisha kuukata kichwa.

Ijumaa nikaletewa ankara. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Kuna mstari wa "kazi ya ziada: kufungua mandhari ya mto". Mmenidai malipo ya mikoko mitatu ya hifadhi ambayo mimi sikuagiza ikatwe na ninyi hamkuwa na kibali cha kuigusa. Na chini ya ankara, kwa rangi ya kijani: "Asante kwa kutuamini na miti yako."

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba mambo mawili: mnirudishie malipo ya awali, na yule msimamizi aniandikie kuniomba radhi. Sasa nimefika hapa naona hayatoshi.

Ankara ifutwe yote, kwa maandishi. Malipo ya awali yarudi yote. Aletwe mtaalamu wa miti asiyekuwa mtu wenu, nimchague mimi, mlipe ninyi, aukague mkuyu na kuandika kama utasimama. Akisema hautasimama, kuuondoa kwa usalama ni kwa gharama yenu, na si kwa mikono yenu. Magogo yatolewe mtoni wakati maji yamekupwa, kwa kubebwa, bila kukokotwa tena juu ya mchu. Mikoko ipandwe upya chini ya usimamizi wa watu wa hifadhi, na muitunze mpaka ishike. Msimamizi huyo asisimamie tena kazi yoyote ndani au kando ya hifadhi. Kuomba radhi abaki nako, sikuhitaji tena. Nataka jina lake litoke kwenye orodha ya kibali chenu.

Nilitaka kuwapa siku 14. Nimeisoma tena ankara. Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Siku ya nane picha 48 nilizopiga, pamoja na za magutu ya mikoko na alama za nguzo zikionekana pembeni, zitafika kwa waliowapa kibali, kwa ofisi inayosimamia bonde la mto, na kwa wakili wangu, aliyeniambia niwape siku tatu. Kibali chenu cha kufanya kazi kwenye hifadhi kinahuishwa kila mwaka, na mimi nitakuwepo siku ya kusikiliza pingamizi, mstari wa mbele.

Msinipigie simu. Mniandikie. Simu nimeshaiona.

Nimeambatisha nakala ya mkataba, ankara, na ripoti ya mkaguzi. Kiambatisho cha nne ni picha ya hati ya kazi yenye mafuta, pande zote mbili. Ya asili nimeiweka ndani ya plastiki na haitoki kwangu. Alama ya kidole gumba inaonekana vizuri.

Ngazi yenu ndefu na kamba mbili mlizosahau Jumatano ziko stoo kwangu, kavu na salama. Geti nimebadilisha kufuli. Atakayekuja kuzichukua aje na jibu la barua hii mkononi, na asije na yule msimamizi.

Wenu,

Mteja (jina na saini kama zilivyo kwenye mkataba)

Nakala: Jalada. Nafasi nyingine mbili za nakala nimeziacha wazi kwa siku saba.