Suárez hakubahatika tu

Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu Daniel Suárez, dereva wa mbio za magari kutoka Meksiko, imemfanya aonekane mtu wa bahati. Ni kweli alipanda ngazi ya juu ya NASCAR, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, mwaka 2017 baada ya dereva Carl Edwards kujiondoa ghafla. Lakini kijana huyo wa Monterrey alikuwa ameshashindana kwao, akalelewa na mpango wa NASCAR wa madereva wa jamii zilizoachwa nyuma, na mwaka 2016 akatwaa ubingwa wa Xfinity, ngazi ya pili ya NASCAR. Kabla yake, hakuna mzaliwa wa nje ya Marekani aliyewahi kutwaa ubingwa huo! Ushindi wake katika mbio za ngazi ya juu huko Sonoma, California, 2022, ulijengwa na safari hiyo.

NASCAR ilipeleka mbio zake kuu Mexico City mwaka 2025. Sasa igharimie pia mashindano ya chipukizi wa Meksiko.

Msomaji wenu,
Mombasa