Kukoleza rangi ya meza ya tangi la samaki si kazi ya siku moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huenda wasomaji wengi wakaliona dogo, ila mimi limenigharimu pesa na samaki. Ni haraka tunayowatia mafundi seremala tunapowapa meza kuukuu, hasa zile zinazobeba matangi ya samaki, tukitaka zitoke zikiwa na rangi iliyokolea kuliko ile ya awali.

Meza yangu ni ya mbao za saiprasi, yenye urefu wa futi nne, na ilipokuwa mpya ilikuwa na rangi ya asali. Miaka ya kumwagikiwa na maji kila ninapobadilisha maji ya tangi iliiachia michirizi myeupe ya chokaa, na pembeni vanishi ilikuwa imeanza kubambuka. Nilitaka iwe na rangi ya kahawa iliyokaangwa, ilingane na viti vya sebuleni. Nilikuwa pia na sababu nyingine ambayo jamaa zangu huicheka: ninafuga fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria waliopungua sana baada ya mbuta (sangara) kuletwa ziwani katika miaka ya 1950, na madume yao yana rangi ambazo meza ya manjano huzififisha.

Fundi wa kwanza alikuja Jumamosi asubuhi. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba nitakuwa na wageni Jumapili, na mimi ndiye niliyekataa kuondoa tangi, kwa maana lita 240 za maji ni kilo 240 kabla hujahesabu kioo na changarawe. Akaikwaruza vanishi ya zamani juu juu, akachanganya steini (rangi ya kukoleza mbao), vanishi na thina (kiyeyushio cha kuzimulia rangi) ndani ya chupa ya soda, akapaka. Kufikia saa kumi na moja jioni meza ilikuwa imependeza, nikamlipa. Nilichosahau ni kwamba pampu ya hewa ilikuwa kwenye rafu iliyo chini ya tangi, katikati ya mvuke wa thina, ikiuvuta mvuke huo na kuusukuma majini. Usiku samaki walipanda juu wakitwetea. Asubuhi fulu wanne walikuwa wakielea.

Meza nayo haikudumu. Wiki tatu baadaye bado ilikuwa ikinata ukiigusa, na ukiikwaruza kwa ukucha, rangi ya asali ilijitokeza chini yake. Sababu yake inafahamika kwa kila seremala, ingawa wateja hatuiulizi: steini hukoleza mbao kwa kunywewa nazo, na mbao iliyozibwa na vanishi hainywi chochote. Ukiipaka juu ya vanishi ya zamani, rangi inabaki imelala juu kama vumbi kwenye kioo, hata uipake mara ngapi.

Mara ya pili nilimtafuta fundi mwingine, mzee anayefanya kazi karibu na soko la Kibuye, na sharti lake la kwanza lilikuwa tangi liondolewe. Tulihamisha samaki kwenye mabeseni mawili makubwa chumbani, mbali na kazi, tukiwajazia maji yale yale ya tangi na kuwawekea pampu. Sifongo ya chujio tuliitia ndani ya beseni moja, kwa sababu bakteria wanaosafisha maji hukaa humo na hufa ikikauka, na vilevile wakioshwa kwa maji ya bomba yenye klorini.

Kazi yenyewe ilianza kwa msasa, siku mbili nzima. Alianza na namba 80, msasa wenye punje kubwa, mpaka vanishi yote ikatoka, akaenda 120, akamalizia na 180 ulio laini zaidi, kila mara akifuata mkondo wa nyuzi za mbao, kwa kuwa mkwaruzo unaokata nyuzi hauonekani mpaka steini iingie, na hapo huonekana kama kovu jeusi. Paneli za milango, ambazo ni plaiwudi, alizigusa kwa mkono mwepesi, maana tabaka lake la juu ni jembamba na likitoboka hakuna rangi itakayolificha. (Mwenye meza ya chipubodi iliyokwisha kufura kwa maji asijisumbue kuipaka rangi, anunue nyingine.)

Saiprasi ni mbao laini, na mbao laini hunywa steini bila usawa, zikawa na mabaka. Kwa hiyo alipaka kwanza sila (kipako cha kuziba vinyweleo vya mbao) aliyoizimua kwa thina, akaiacha ikauke, akapitisha msasa laini. Kisha alijaribu rangi upande wa chini wa rafu, mahali pasipoonekana. Hilo lilinishangaza, kwani mkebe ule ule ulioonyesha rangi ya kahawa kwenye kipande chake cha mahogani ulitoa rangi ya kutu kwenye saiprasi yangu. Akachagua steini iliyokoza zaidi, akaipaka kwa kitambaa na kufuta ziada baada ya dakika chache, akarudia siku iliyofuata. Alisema mkono mmoja mzito, yaani tabaka moja nene, hutoa giza lisilo na sura ya mbao, na nilipoona matokeo niliafikiana naye.

Steini haizuii maji, na hapa ndipo meza za matangi hutofautiana na meza za chakula. Alipaka vanishi ya poliyurethani mara tatu, akiacha saa 24 kati ya mkono mmoja na mwingine, na hakuishia upande wa mbele: alipaka ndani ya kabati, chini ya miguu, na hasa kwenye ncha za mbao zilizokatwa, ambako maji huingia upesi. Alifanya kazi hiyo kivulini, maana jua kali huikausha vanishi juu ikiwa bado mbichi ndani. Vitambaa vyenye steini ya mafuta alivitandaza nje kimoja kimoja badala ya kuvirundika, kwa kuwa vikirundikwa huweza kupata joto vyenyewe na kuwaka moto.

Baadaye alinikataza kurudisha tangi kwa wiki moja zaidi. Vanishi inayoonekana kavu ukiigusa haijawa ngumu bado, na ukiitwika uzito wa kilo zaidi ya 240 itanata kwenye tangi, nayo harufu yake itakuwa ingali ikitoka. Kwa jumla, samaki walikaa kwenye mabeseni siku kumi na tano. Hakufa hata mmoja.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Katika siku hizo kumi na tano, kazi ya mikono haikuzidi siku tano. Zilizobaki zilikuwa za kusubiri, na katika muda huo meza ilichukua nafasi ya kazi nyingine kwenye banda la fundi. Sisi wateja tunalipia kupaka, lakini kusubiri tunataka tupewe bure, kisha tunapiga simu kila jioni. Mafundi na wahesabu umaliziaji kando na uchongaji, wataje idadi ya siku waziwazi kabla ya kupokea malipo ya kwanza, na atakayetaka meza yake keshoye wamwambie kwamba haiwezekani. Mimi ningeambiwa hivyo Jumamosi ile, ningenung'unika, lakini fulu wangu wangekuwa hai.

Nao wanaouza steini na vanishi kwa kupima, katika chupa za soda na za maji ya kunywa, tafadhali waandike kwenye chupa ni kitu gani, kama ni ya maji au ya mafuta, na inahitaji saa ngapi kukauka. Chupa niliyouziwa mimi haikuwa na alama yoyote, na ilisimama siku mbili kwenye meza ya jikoni, watoto wakipita.

Wako mwaminifu,
Mfugaji wa samaki,
Kisumu