Risala kwa Mgeni Rasmi: Ombi la Jozi Mbili za Almasi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Idara, wahadhiri wetu, mafundi wa maabara, wazazi, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana, Mheshimiwa. Tunajua shughuli zako ni nyingi na barabara za Nairobi asubuhi hazina huruma kwa mtu yeyote, hata mwenye king'ora. Umefika kabla ya saa tuliyokuomba, na hilo tumeliona.

Chama chetu cha wanafunzi wa fizikia kilianza na watu wachache waliokutana jioni kwenye ngazi za maabara. Leo wanachama wanajaza ukumbi huu. Uongozi umepokezana kijiti bila ugomvi na hesabu za fedha zipo wazi kwa anayetaka kuzikagua. Historia ni hiyo.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumeyachemsha maji ya nyuzi 25 bila moto, kwa kufyonza hewa ndani ya chupa nene hadi presha ikashuka chini ya kilopaskali 3.2. Tumewaeleza wanafunzi wa sekondari kwa nini maji hapa jijini huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100, na kwa nini maharagwe ya Nairobi huchelewa kuiva kuliko ya Mombasa, hadi uyatie kwenye sufuria ya presha ambamo joto hufika nyuzi 115 hadi 120. Tunathubutu kusema kwamba hakuna chama kingine chuoni kilichoifikisha fizikia jikoni kwa mwananchi kiasi hicho.

Mheshimiwa, turuhusu sasa tuingie katika jambo lililotufanya tukuandikie barua tatu.

Tunachojifunza ni tabia ya maada inapobanwa na kupashwa moto kupita kiasi tunachokutana nacho kila siku. Katikati ya dunia presha ni gigapaskali 360 hivi, zaidi ya mara milioni nne ya presha ya hewa iliyomo humu ukumbini. Joto huko hupita nyuzi 5,000, na bado chuma ni kigumu, kwa sababu presha hainyimi chuma nafasi ya kuwa moto ila hukinyima nafasi ya kuyeyuka. Inge Lehmann wa Denmark alikitambua kiini hicho cha ndani mwaka 1936 kwa kusoma mawimbi ya matetemeko tu. Karibu na kwetu, maji yakipita nyuzi 374 na megapaskali 22 hayawi tena maji wala mvuke. Nchi inayochimba mvuke wa Olkaria inahitaji vijana waliowahi kuiona maada ikibadilika chini ya presha kwa macho yao, si kwa mchoro wa ubaoni peke yake.

Kifaa cha kuonyesha hayo kinatosha kiganjani. Ni seli ya almasi. Almasi mbili zilizochongwa huelekezana ncha kwa ncha. Ncha zenyewe zimesuguliwa zikawa bapa, na kitu kinachobanwa hukaa katikati. Presha ni nguvu kugawanywa kwa eneo, kwa hiyo siri yote imo katika udogo wa eneo. Chukua mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Uzito wake ukiangukia duara lenye kipenyo cha nusu milimita, hutoa wastani wa gigapaskali 2.5. Sehemu ya nguvu hiyo humezwa na gasketi, yaani kibati chembamba chenye tundu kinachokaa kati ya almasi, lakini inayobaki yatosha kuyafanya maji yagande bila kupoozwa hata nyuzi moja. Na kwa kuwa almasi hupitisha mwanga, unayatazama yakiganda.

Sasa tueleze tulipofika, ili ionekane kwamba hatujakaa tukisubiri.

Mwili wa seli upo mezani mbele yako, Mheshimiwa. Ulichongwa na fundi wa mashine kule Kariobangi kwa chuma kigumu, pistoni ikiteleza ndani ya silinda yake bila kucheza. Una skrubu nne. Mbili hukazwa kwa kuzungushwa kulia na mbili kushoto, zimepangwa kimshazari, ili mkono unapozikaza mbili kwa pamoja seli isijipinde. Ukizigeuza bila mpangilio, upande mmoja hutangulia, ncha za almasi hukutana kwa ukingo, na almasi hupasuka. Almasi ni ngumu kuliko kitu chochote cha kawaida, ila haivumilii kugongwa pembeni.

Gasketi tunazitengeneza wenyewe. Tunakata bati la chuma kisichoshika kutu lenye unene wa robo milimita. Utaratibu ni kulibana kwanza kati ya almasi hadi lipungue kufikia mikroni 80, yaani sehemu 80 za elfu za milimita, kisha kutoboa tundu la mikroni 200 katikati kabisa ya alama iliyobaki. Keekee ndogo kiasi hicho huvunjika kabla haijatoka upande wa pili, kwa hiyo tumeunda kitoboleo cha cheche: waya mwembamba wa tungsteni, kapasita, na bati likiwa limezamishwa ndani ya mafuta ya taa. Kila cheche huing'oa chembe ya chuma. Waya uwe mwembamba kuliko tundu unalolitaka, maana cheche huruka pembeni pia na tundu hutoka pana. Mashine hiyo inafanya kazi. Tumeijaribu kwenye mabati yasiyobanwa, kwa sababu cha kuyabania hatuna.

Tundu likitoka katikati, gasketi hustahimili. Likienda kando kidogo, ukuta mwembamba husalimu amri kwanza, tundu hutambaa hadi ukingoni mwa almasi na maji yote hutoroka. Tundu likizidi nusu ya upana wa ncha, presha ikipanda tundu hupanuka badala ya kusinyaa. Hizo ndizo ishara ambazo mwanafunzi hujifunza kuzisoma kwa hadubini, na hadubini tunayo, ya mtumba lakini nzima.

Tunachokosa ni almasi.

Mheshimiwa, si almasi za pete. Kila moja ni ya theluthi moja ya karati au pungufu, uzito usiofika gramu moja ya kumi. Tunaomba jozi mbili zenye ncha ya nusu milimita, pamoja na vikalio vyake vya kabidi ya tungsteni vyenye tundu la kupitisha mwanga. Kikalio cha chuma laini hakifai. Almasi huchimba shimo ndani yake, huinama, na mwisho wake ni ule ule wa kupasuka.

Kwa nini jozi mbili? Kwa sababu jozi ya kwanza itavunjwa, na tunaona heri tuseme hilo mbele yako leo kuliko kulificha. Chembe moja ya vumbi ngumu kati ya ncha hutosha kuharibu. Kuzipanga ziwe sambamba ni kazi ya subira. Unazisogeza karibu bila gasketi, unaangalia kwa hadubini, na unaona mistari ya rangi kama ile ya mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi. Mistari mingi maana yake zimeinamiana. Unarekebisha skrubu ndogo za pembeni hadi mistari ipungue, hadi ubaki na rangi moja tupu. Asiyeiona rangi hiyo moja hana ruhusa ya kukaza.

Kisha tone la maji huwekwa kwa ncha ya sindano. Tundu lina ujazo mdogo mno. Tone la kawaida ni kubwa kuliko hilo takriban mara elfu 20, na katika ukavu wa Januari hapa Nairobi maji hayo hukauka kabla hujafumba seli, hivyo ni lazima kufunga mara moja. Kiputo cha hewa kikionekana, fungua uanze upya. Baada ya hapo ni kukaza moja ya nane ya mzunguko, kusubiri, kutazama. Kwenye karibu gigapaskali moja hutokea barafu ya aina ya sita, ikiwa katika joto la chumba, na badala ya kuelea kama barafu ya friji, huzama. Ukikaza zaidi, kwenye gigapaskali 2 na kidogo, hugeuka kuwa barafu ya aina ya saba. Barafu hiyo ya saba iliwahi kutajwa mwaka 2018 kuwa imekutwa ndani ya almasi asilia zilizotoka kilindini mwa dunia.

Tunasisitiza kwamba ombi letu ni almasi na vikalio vyake tu, Mheshimiwa, kwa sababu tuliwahi kuletewa spektromita, kifaa cha kupima rangi za mwanga, tusiyoiomba. Presha hupimwa kwa chembe ya yakuti iliyoangazwa kwa leza. Mwanga wake mwekundu wa nanomita 694.2 husogea nanomita 0.365 kwa kila gigapaskali. Spektromita tuliyopewa haiwezi kutofautisha rangi zilizokaribiana kiasi hicho, kwa hiyo hata mistari miwili ya yakuti iliyoachana nanomita 1.4 huonekana kama doa moja. Tulishukuru, na tunaitumia kwa taa za barabarani. Lakini leo hatuombi spektromita nyingine. Maji yenyewe yatatuambia presha: yakiganda tumefika moja, yakibadilika tena tumepita mbili.

Wapo wanaosema kifaa hiki ni hatari kwa wanafunzi. Tunawaheshimu, lakini hesabu haiwaungi mkono. Presha ni kubwa, ila kilichobanwa ni kidogo kuliko punje ya chumvi, na nishati iliyofungwa humo haiwezi kumdhuru mtu. Miwani ya maabara yatosha kwa vigae vya almasi iliyopasuka. Sufuria ya presha ya nyumbani ina hatari kubwa zaidi.

Mheshimiwa, ahadi ya almasi hizi si ngeni katika ukumbi huu. Mgeni mmoja aliyekutangulia alisimama hapo ulipoketi, akaahidi jozi hizo kabla ya muhula kwisha, na picha ikapigwa akiwa na hundi kubwa ya kadibodi. Hundi ile tunayo stoo. Ile iliyopasa kwenda benki haijatufikia, na barua zetu za kuulizia zilijibiwa kwamba faili linashughulikiwa. Mwingine alituletea fulana zenye jina lake. Hatusemi haya kumlaumu mtu. Tunayasema kwa sababu wanachama waliolitengeneza lile tundu la kwanza wamehitimu na kuondoka bila kuiona barafu ya sita, nao walistahili kuiona.

Tunakumbuka kwamba seli ya almasi ilibuniwa mwaka 1958 katika ofisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, na kwamba almasi zake za mwanzo zilitoka miongoni mwa zile zilizokamatwa kwa wafanya magendo. Hata wao hawakuzinunua mfukoni mwao. Serikali yao iliwapa. Tunamkumbuka pia Erasto Mpemba wa Tanzania, mwanafunzi aliyeuliza kwa nini mchanganyiko moto wa aiskrimu uliganda kabla ya uliopoa, na swali lake likachapishwa mwaka 1969 pamoja na Denis Osborne. Swali la barafu lilishatoka Afrika Mashariki. Tunaomba nyenzo za kuuliza la pili.

Ombi letu, basi, tunaliweka hivi. Usitupe fedha taslimu. Ankara ya muuzaji iko ndani ya bahasha uliyokabidhiwa mlangoni. Tunaomba ofisi yako imlipe yeye moja kwa moja. Almasi zilizochongwa hazihitaji cheti cha Kimberley, ambacho huhusu almasi ghafi, kwa hiyo isije ikasemwa zimekwama kwa sababu hiyo. Gharama za forodha idara imekubali kuzibeba, na barua ya Mkuu wa Idara imeambatanishwa. Tunaomba pia utaje leo, mbele ya hadhara hii, jina la afisa mmoja tutakayempigia simu na tarehe tutakayompigia. Ikiwa haitawezekana, tutaridhika kuambiwa hivyo sasa, ili tubishe mlango mwingine muhula huu na si ujao.

Seli iko mezani. Ukipenda kuishika, katibu wetu atakuonyesha mahali almasi zitakapokaa.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Chama cha Wanafunzi wa Fizikia
Nairobi